Zohali: Mgeni Aliyepewa Jembe

Uko jikoni, uko safarini, au umeshajilaza na redio iko kando ya mto: popote ulipo, leo nakuomba tutoke kidogo, twende mbali. Tunakwenda Zohali, ile sayari yenye pete. Ni mbali kiasi gani? Sauti hii unayoisikia imekufikia kwa mawimbi ya redio, na imekufikia papo hapo. Mawimbi ya aina hiyo hiyo yakitoka kwenye chombo kilichoko Zohali, yakisafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua zaidi ya saa moja kufika hapa Duniani. Kwa maana nyingine, ukipiga hodi kule, utasubiri saa mbili na zaidi kuisikia karibu yako. Sasa swali langu la leo ni hili: kitu kilicho mbali namna hiyo, wanadamu wanakichunguzaje kwa karibu? Tena tunaposema kwa karibu, tuna maana gani hasa?

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunautumia usemi huo kumsuta mgeni anayekaa kupita kiasi. Mimi leo nautumia upande wa pili. Mgeni wa siku mbili anaona sebule, anakula, anasifu chakula, anaondoka. Aliyepewa jembe ndiye anayejua udongo wa shamba ukoje, maji yanatuama wapi, na jirani yupi hasalimiani na yupi. Dai langu, msikilizaji, ni kwamba mambo makubwa tunayoyajua kuhusu Zohali hayakupatikana kwa kuisogelea tu. Yalipatikana kwa kukaa nayo miaka mingi, kurudi mahali pale pale mara kwa mara, na kuwa tayari kubadili ratiba pale sayari yenyewe ilipoonyesha jambo ambalo halikutarajiwa. Shika neno hilo, kukaa, maana nitalirudia.

Tuanze na waliotazama kutoka nyumbani. Mwaka 1610 Galileo Galilei, kule Italia, aliielekeza darubini yake Zohali akaona kitu cha ajabu: sayari kama ina vinundu viwili ubavuni. Mwaka 1612 akatazama tena, vinundu havipo! Alibaki ameduwaa. Hakujua kwamba pete zile ni pana mno lakini nyembamba mno, na kwamba kila baada ya miaka kama 15 zinatugeuzia ukingo wake, zikatupotea machoni kama karatasi unayoitazama kwa ubavu. Ilichukua karibu miaka 50 mpaka Christiaan Huygens, Mholanzi, aeleze mwaka 1659 kwamba ni pete iliyoizunguka sayari bila kuigusa. Mwaka 1675 Giovanni Domenico Cassini, akiwa Paris, akaona mwanya mweusi unaoigawa pete. Na katika miaka ya 1850 James Clerk Maxwell, kwa kalamu na karatasi tu, akaonyesha kwamba pete hizo haziwezi kuwa bamba moja gumu, wala haziwezi kuwa kimiminika. Lazima ziwe vipande visivyo na idadi, kila kimoja kikizunguka kwa njia yake. Ninamtaja Maxwell kwa makusudi, kwa sababu sitaki kuwadharau waliobaki nyumbani. Walifika mbali. Lakini hawakuweza kukuambia kipande kimoja cha pete kina ukubwa gani, pete zote pamoja zina uzito gani, wala zimekuwapo tangu lini.

Kisha wakaja wapita njia. Chombo cha Pioneer 11 kilipita Septemba 1979, Voyager 1 ikapita Novemba 1980, na Voyager 2 ikafuata Agosti 1981. Ninasema vilipita, kwa sababu angani hakuna breki. Chombo kinachotaka kusimama lazima kibebe mafuta ya kuwasha injini na kujipunguzia mwendo, na vyombo hivyo havikujengwa kwa kazi hiyo. Vilikuwa na siku chache tu za kutazama kwa makini, na saa chache zaidi za kuwa karibu kabisa. Vikapiga picha nzuri mno. Vikaonyesha kwamba pete tulizozihesabu kwa vidole ni maelfu ya vijipete. Vikaiona Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, imejifunika ukungu mzito wa rangi ya chungwa usiopenyeka kwa kamera. Vikauona pia mwezi mdogo uitwao Enceladus unang'aa kama theluji, lakini ncha yake ya kusini havikuipata vizuri katika picha. Mgeni alikaa sebuleni, akaaga. Chumba cha uani hakukiona, na utasikia punde kilikuwa na nini.

Aliyekuja kukaa ni chombo kilichopewa jina la yule Cassini wa Paris. Kilirushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1997, kazi ya pamoja ya NASA, Shirika la Anga la Ulaya na Shirika la Anga la Italia. Hao Waitaliano si wageni kwetu. Ndio wenye kituo cha anga kule Malindi, na ndio walioipa Cassini antena yake kubwa, sinia lenye upana wa mita 4. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5, na hakuna roketi wakati ule iliyoweza kukitupa moja kwa moja mpaka Zohali. Wakafanya nini? Wakakidandisha. Umewaona vijana wanaodandia lori linapopanda mlima ili wasikanyage baiskeli? Cassini ilidandia mwendo wa sayari. Ilipita Zuhura mara mbili, ikapita Dunia yetu mwaka 1999, ikapita Mshtarii mwishoni mwa mwaka 2000, na kila ilipopita ilichota kasi kidogo. Safari ikachukua karibu miaka 7. Tarehe 1 Julai 2004, kwa saa za kimataifa, ikapenya kwenye uwazi kati ya pete mbili, imeitanguliza ile antena mbele kama mtu anayejikinga mvua kwa sinia, kisha ikawasha injini kwa dakika 96 ili Zohali iidake. Kumbuka nilichosema mwanzo kuhusu hodi. Siku hiyo habari zilichukua kama dakika 84 kufika Duniani. Wahandisi walipoanza kusikia kwamba injini imewaka, kule kazi ilikuwa inakaribia kumalizika. Hapakuwa na mtu wa kushika usukani.

Na umeme je? Kule Zohali mwanga wa jua ni kama sehemu moja ya mia ya huu wetu, kwa hiyo Cassini ilibeba kilo kama 33 za plutoniamu, ambayo joto lake liligeuzwa kuwa umeme. Watu waliandamana mwaka 1997 wakihofia roketi ingelipuka na sumu ile kumwagika. Hofu yao haikuwa ya kijinga, ingawa madini hayo yalifungwa katika makasha yaliyojengwa kuhimili ajali. Roketi ilipanda salama, mjadala ukapoa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chombo hakina macho tu. Cassini ilikuwa na vifaa 12, na ningependa uvifikirie kama milango ya fahamu: kimoja kinaona, kingine kinanusa gesi, kingine kinaonja vumbi, kingine kinahisi sumaku. Nikupe mifano miwili tu. Wa kwanza ni taa nyuma ya ua. Usiku ukipita kando ya ua wa fito na ndani kuna taa, utaiona inapepesa: inaonekana, inafichwa, inaonekana. Kwa kupepesa kule, ukiwa na subira, unaweza kuhesabu fito na kujua zipi nene na zipi nyembamba bila kuugusa ua. Ndivyo Cassini ilivyofanya. Ilingoja nyota ipite nyuma ya pete, ikapima mwanga unavyokatika na kurudi. Mara nyingine ilifanya kinyume: ikajificha yenyewe nyuma ya pete na kutuma mawimbi ya redio kupitia humo, wapokeaji Duniani wakapima nini kimepungua. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba pete kuu, ambazo kipenyo chake kutoka ukingo hadi ukingo ni kama kilomita 270,000, zina unene, sehemu nyingi, wa kama mita 10 tu, na kwamba ndani yake kuna barafu ya maji, kuanzia chembe kama vumbi hadi mapande makubwa kama nyumba.

Mfano wa pili ni king'ora. Gari la wagonjwa likikujia mbio, king'ora kinalia kwa sauti nyembamba. Likishakupita, sauti inashuka, inakuwa nzito. Dereva hajabadili kitu. Ni mwendo wa gari unaoyabana mawimbi na kuyanyoosha. Mawimbi ya redio yanafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kila Cassini ilipovutwa kidogo na mwezi fulani, mwendo wake ulibadilika, na sauti yake ya redio ikabadilika kiasi. Antena kubwa za California, Hispania na Australia ziliweza kuyasikia mabadiliko ya mwendo yasiyofika milimita moja kwa sekunde. Umenielewa? Konokono anaipita milimita moja kwa sekunde, na chombo kiko zaidi ya kilomita bilioni moja. Kwa kusikiliza tu, wakawa wanapima uzito wa kitu na hata kukisia kilichomo tumboni mwake.

Lakini jambo hili la king'ora karibu liwaponze. Cassini ilibeba mgongoni chombo kidogo cha Ulaya kilichoitwa Huygens, cha kushuka Titan. Huygens ikishuka ingezungumza na Cassini, na Cassini ingetuletea habari. Mwaka 2000, safari ikiwa katikati, mhandisi wa Shirika la Anga la Ulaya, Boris Smeds, alisisitiza ufanywe mtihani: waitumie Cassini mawimbi ya mfano kutoka Duniani, yabanwe kama vile Huygens inashuka na Cassini inakuja mbio. Wakafanya. Kilichorudi kilikuwa vurugu tupu. Kipokezi kilikuwa kimetengenezwa bila kuruhusu badiliko lile la king'ora katika mwendo wa data, na kilikuwa tayari angani, hakuna fundi wa kukifuata. Dawa ilikuwa moja: kubadili njia. Wakapanga upya mizunguko ya kwanza ili Cassini ipite mbali zaidi na Titan, ikiwa ubavuni badala ya kuijia Huygens moja kwa moja, ule mbano upungue. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens ikashuka kwa miamvuli kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, ikatua penye udongo laini kama mchanga wenye maji, pembeni kuna kokoto za duara. Kokoto hizo ni za barafu, katika baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Na hata hapo mambo hayakwenda sawa yote: moja ya njia mbili za mawasiliano haikuwashwa, kwa sababu amri ya kuiwasha ilisahaulika, na nusu ya picha zikapotea. Darubini za redio hapa Duniani ndizo zilizodaka mlio dhaifu wa Huygens na kuokoa vipimo vya upepo. Naleta habari hii kwa sababu moja. Chombo cha kukaa kina nafasi ya kupanga upya. Mpita njia hana.

Twende sasa kwenye kile chumba cha uani. Enceladus ni mwezi mdogo, upana wake kilomita 500 hivi. Kwa ukubwa huo ungetegemea uwe tonge la barafu lililokufa zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2005 Cassini iliupita mara mbili, na kipima sumaku kikaonyesha jambo dogo la kutia shaka: mistari ya sumaku ya Zohali ilikuwa inapinda karibu na mwezi huo, kama maji ya mto yanayokwepa jiwe, ila jiwe lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mwezi. Michele Dougherty wa Imperial College, London, aliyekiongoza kifaa hicho, akawashawishi wenzake mara inayofuata wapite chini zaidi. Wakakubali. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikapita kwenye kimo cha kilomita 170 na kidogo. Kifaa cha kupima joto kikakuta ncha ya kusini ina joto kuliko inavyostahili. Kifaa cha kunusa gesi kikakuta mvuke wa maji. Kifaa cha vumbi kikagongwa na chembe za barafu. Na nyota iliyokuwa inapita nyuma ya mwezi ikafifia upande wa kusini peke yake. Miezi michache baadaye kamera ikaona wazi: michirizi ya maji inaruka kutoka kwenye nyufa ndefu, inatawanyika angani, na barafu hiyo ndiyo inayoilisha pete moja nzima ya Zohali.

Hapa kuna anayeuliza: je, darubini za siku hizi hazitoshi? Kwa nini kutuma chombo wakati tuna Hubble na James Webb? Ni swali la haki, na siwezi kulipuuza, kwa sababu mwaka 2023 ilitangazwa kwamba James Webb imeona mvuke wa Enceladus ukienea kwa zaidi ya kilomita 9,000. Lakini fikiria vumbi la chumbani. Ukisimama na kulipa jua mgongo, huoni kitu. Geuka ulitazame dirisha linaloingiza mwale wa jua, mara chumba kizima kinajaa chembe zinazoelea. Vumbi lilikuwapo muda wote. Pa kusimama ndipo palipokosekana. Sisi Duniani, tukiitazama Zohali, jua liko mgongoni mwetu daima, au karibu na hapo. Hatuwezi kwenda nyuma ya sayari ile tukaligeukia jua. Cassini iliweza, na picha mashuhuri za michirizi ile zilipigwa hivyo hivyo, jua likiwa nyuma ya mwezi. Isitoshe, James Webb ilijua pa kutazama kwa sababu aliyepewa jembe alishasema ni wapi. Darubini ni nzuri sana kwa kufuatilia. Kuonja chumvi ya maji yale haiwezi.

Mwingine atasema: haya yote ni kukisia, nani ameiona hiyo bahari? Kweli, hakuna aliyeiona. Tunaambiwa kwamba chini ya ganda la barafu la Enceladus kuna bahari iliyouzunguka mwezi mzima, na hakuna kamera iliyoingia humo. Lakini mbele ya kadhi au hakimu, shahidi mmoja anaweza kukosea. Mashahidi wanne wasiojuana, kila mmoja akileta habari inayolingana na ya mwenzake, ni jambo jingine. Uvutano uliopimwa kwa redio ulionyesha kwamba chini ya ncha ya kusini kuna kitu kizito kuliko barafu. Picha za miaka 7 zikilinganishwa zilionyesha mwezi unayumba kidogo katika mzunguko wake, kiasi ambacho kisingewezekana kama ganda lingekuwa limeshikana na mwamba wa ndani. Chembe zilizoonjwa zilikuwa na chumvi. Na mwaka 2015 Cassini ilipopita katikati ya michirizi, kilomita 49 tu juu ya barafu, ilikuta haidrojeni ya aina inayozaliwa maji ya moto yanapokutana na mwamba. Hebu niulize: ni ushahidi gani kati ya huo ungepatikana kwa siku mbili? Kuyumba kule kulihitaji miaka ya picha. Kuonja chumvi kulihitaji kupita tena na tena. Vifaa vyenyewe havikutengenezwa kwa ajili ya Enceladus. Cha kunusa gesi kilikusudiwa hasa anga ya Titan. Ilibidi kwanza mgeni akae, asikie harufu asiyoitarajia, ndipo ageuze jembe.

Hata hivyo tusizidishe. Kukaa kunatupa vipimo, na vipimo si sawa na tafsiri. Mfano ni umri wa pete, jambo ambalo wataalamu hawajapatana mpaka leo. Kwa miaka 13 Cassini ilizunguka nje ya pete kuu, na kila ilipovutwa, ilivutwa na sayari na pete kwa pamoja. Ni kama kupima nazi zikiwa ndani ya gunia: utajua jumla, hujui gunia peke yake lina uzito gani. Mwaka 2017 mafuta yakiwa yanakwisha, wakathubutu jambo ambalo mwanzoni lingekuwa wazimu. Wakakipitisha chombo kwenye uwazi wa kilomita 2,000 hivi kati ya sayari na pete, mara 22. Hapo sayari ilikivutia huku, pete zikakivutia kule, na gunia likapimwa mbali na nazi. Jibu likawa pete zote pamoja hazifikii hata nusu ya uzito wa Mimas, mwezi mmoja mdogo wa Zohali. Huo ni uzito mdogo. Na kwa kuwa barafu yake bado ni safi mno, ingawa vumbi la angani linaichafua kila siku, wengi wakasema pete ni changa, labda zina miaka milioni 100 tu au pungufu, wakati sayari yenyewe ina zaidi ya miaka bilioni 4. Wengine wakapinga: huenda pete zina njia ya kujisafisha, huenda vumbi linagonga, linageuka mvuke na kutoweka, hivyo usafi si cheti cha kuzaliwa. Mimi nawaona wapinzani hao wana hoja nzito. Ila angalia wanachobishania: uzito haubishaniwi tena.

Na pete zilitoa jibu la swali ambalo hakuna aliyeziuliza. Siku ya Zohali ina saa ngapi? Sayari ile haina ardhi ngumu ya kuwekea alama, ni gesi na mawingu. Voyager zilisikiliza mawimbi yake ya redio zikasema saa 10 na dakika 39. Cassini ilipofika ikasikiliza mawimbi hayo hayo, ikakuta yamechelewa dakika 6 hivi. Sayari kubwa kama ile haipunguzi mwendo kwa miaka 25 tu! Maana yake redio haikuwa saa ya kuaminika. Jibu lilikuja kutoka ndani ya pete. Zohali inatetemeka tumboni kama ngoma iliyopigwa, mtetemo huo unayumbisha uvutano wake, na uvutano unachora mawimbi kwenye pete. Kwa kusoma mawimbi hayo, kwa ile mbinu ya taa nyuma ya ua, mwaka 2019 ikatangazwa siku ya Zohali ni saa 10, dakika 33 na sekunde 38 hivi. Utaniuliza faida yake ni nini, na mimi nitakubali kwamba haishushi bei ya unga.

Na hilo linatuleta kwenye fedha. Safari nzima iligharimu zaidi ya dola bilioni 3, zilizolipwa kwa zaidi ya miaka 20 na walipa kodi wa Marekani na Ulaya. Kuna watu husema fedha kama hizo zingelisha wenye njaa. Sipendi jibu la kawaida, lile la kuorodhesha vitu vya nyumbani vilivyotokana na safari za anga, kwa sababu linakwepa swali. Kama mtu anaamini maarifa yasiyo na matumizi ya leo hayastahili senti, orodha haitamgeuza. Ninachoweza kusema ni hiki: waliolipa walichagua, na mavuno waliyaweka barazani. Data za Cassini ziko wazi kwenye intaneti, bila malipo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anaweza kuzifungua leo sawa na wa Ulaya. Na bado zinachambuliwa. Mwaka 2023, miaka 6 baada ya chombo kufa, watafiti waliopitia upya vipimo vya kale vya kifaa cha vumbi walikuta fosfati katika chembe za Enceladus, moja ya viungo ambavyo uhai tunaoujua unavihitaji.

Nimesema chombo kilikufa; kiliuawa, kwa kweli. Mafuta yakiisha, Cassini ingezurura bila usukani na ingeweza kuangukia Enceladus au Titan, na vijidudu vya Duniani vilivyojificha ndani yake vikachafua maji ambayo tunataka siku moja kuyauliza kama yana wenyewe. Kwa hiyo tarehe 15 Septemba 2017 wakakitumbukiza katika Zohali yenyewe, antena ikielekea Duniani, kikinusa gesi na kutuma habari mpaka kikazidiwa. Mlio wa mwisho ulidakwa kituo cha Canberra, Australia, saa 8:55 mchana kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Wakati mlio huo unapokewa, chombo chenyewe kilikuwa kimeshateketea zaidi ya saa moja iliyopita.

Anayefuata anaitwa Dragonfly, chombo chenye mapanga kama helikopta kitakachotua Titan na kurukaruka kutoka mahali hadi mahali. Kimepangiwa kuondoka mwaka 2028 na kufika mwaka 2034. Kwa sasa, msikilizaji, usiku usio na mawingu katika majira yake, Zohali inaonekana kwa macho matupu: kinukta cha manjano kilichotulia, kisichometameta kama nyota za jirani zake. Ukiwa na darubini ndogo, hata ya shule, pete utaziona, isipokuwa zinapotugeuzia ukingo.